Nani Ajibu Jina? DNS na VPN kwa Mfanyakazi Aliye Mbali na Ofisi

Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watu binafsi na kampuni zinazotumia VPN wawasilishe taarifa zao, anwani ya IP ikiwamo, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Tangazo hilo lilisimama juu ya kanuni ya 16(2) ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, na adhabu yake ni nzito: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, lakini karibu wote ulihusu wanaotumia VPN kufungua mitandao iliyozuiwa. Mei 2025, mtandao wa X ulipozuiwa nchini, mjadala ukarudi palepale.

Katikati ya mjadala huo ilisahaulika VPN ya aina nyingine, ile ya kazi: njia iliyosimbwa inayomwezesha mtumishi aliye mbali kuifikia seva ya ofisi kana kwamba amekaa ndani ya jengo. Kusahaulika huko kumezaa mkanganyiko. Wapo wanaoamini kuwa kubadili seva ya majina (DNS) ya simu kwenda 8.8.8.8 ya Google ni sawa na kuwasha VPN. Wapo wanaoamini kuwa alama ya VPN ikishawaka, kila wanachofungua kinapita humo. Na wapo ambao VPN yao "imeunganika lakini haifungui", wakamlaumu mwenye mnara, ilhali kilichokwama ni jina.

Uchambuzi huu unahusu jina hilo. Kompyuta ya mfanyakazi wa mbali inapouliza seva ya mishahara iko wapi, nani aijibu: seva ya majina ya ofisi, kampuni ya simu, au mtu wa tatu aliye ng'ambo? Ofisi nyingi hazijawahi kuliamua swali hili. Limeamuliwa na mpangilio ambao programu ilitoka nao kiwandani, na gharama yake inabebwa na aliye mbali zaidi.

Mtu yuko Ringwani, seva iko kwingine

Ringwani, wilayani Serengeti mkoani Mara, ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Makao ya wilaya ya Serengeti yako Mugumu, ya mkoa yako Musoma, wizara ziko Dodoma, na kampuni na mashirika mengi yana ofisi kuu Dar es Salaam au Arusha. Upande wa Tarime, mgodi wa North Mara ulioko Nyamongo unaendeshwa na Barrick, kampuni ya Kanada, kwa ubia na Serikali kupitia Twiga Minerals. Kusini iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na biashara ya utalii inayoizunguka. Mhasibu wa mradi, msimamizi wa ghala la mazao, muuguzi anayeingiza takwimu, karani wa chama cha akiba na mikopo: kila mmoja wao anaweza kujikuta akifanya kazi na seva iliyo mbali naye kwa saa nyingi za barabara.

Njia ya kuifikia seva hiyo mara nyingi ni simu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukilipia ruzuku ya minara vijijini, na Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Mawimbi yamefika kusikokuwa na kitu. Hata hivyo, mtandao wa mnara wa kijijini una tabia zake. Kompyuta mpakato hupata intaneti kwa hotspot ya simu, laini hubadilishwa kufuata bando la bei nafuu, na ukivuka kilima 4G hushuka hadi 2G. Aliyeipanga VPN yuko mjini kwenye faiba, na anayeitumia yuko kwenye mawimbi yanayokuja na kukata.

Watu husema umbali ndio unaochelewesha. Hesabu inakataa. Nuru ndani ya faiba husafiri takribani kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo safari ya kutoka Mara hadi Dar es Salaam na kurudi hula milisekunde kumi na kitu. Hakuna binadamu anayeweza kuzihisi. Kinachoumiza ni kilomita chache za mwisho, kati ya simu na mnara, ambako pakiti hupotea njiani. Na mfumo wa majina, kuliko sehemu nyingine zote za intaneti, huadhibiwa vibaya na pakiti zinazopotea.

Majina ya aina mbili

Mfumo wa majina ya intaneti, DNS, ulibuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris, na viwango vyake vikuu vilichapishwa upya mwaka 1987. Kazi yake ni kugeuza jina kuwa anwani ya namba. Kompyuta hutuma swali fupi kwa seva ya majina kupitia lango namba 53, na jibu hurudi likiwa limebeba namba ya IP pamoja na muda ambao linaruhusiwa kukumbukwa.

Ofisi ina majina ya aina mbili. Ya kwanza ni ya hadhara: tovuti yake, seva ya barua pepe, chochote ambacho dunia nzima inaruhusiwa kukijua. Ya pili ni ya ndani: seva ya mafaili, mfumo wa mishahara, hifadhidata ya wagonjwa, printa ya ghorofa ya pili. Majina ya ndani yanajulikana kama nyumba zinavyojulikana kitongojini: ukimuuliza mwenyekiti wa kitongoji, atakuonyesha kwa kidole mji wa mzee fulani, lakini swali hilohilo ukilipeleka Dodoma hakuna wa kukujibu. Google na Cloudflare, wanaoendesha seva za majina za hadhara, pamoja na ukubwa wao hawajui seva ya mishahara ya ofisi yako iko wapi.

VPN hujenga handaki kati ya kompyuta na ofisi. Handaki hilo lina maamuzi mawili yaliyo mbalimbali, na kuyachanganya ndiko chanzo cha malalamiko mengi. Uamuzi wa kwanza ni pakiti zipi ziingie handakini: zote, au zile tu zinazokwenda ofisini. Uamuzi wa pili ni maswali ya majina yaelekezwe wapi. Unaweza kupeleka pakiti zote ofisini huku majina yakiulizwa nje. Unaweza pia kufanya kinyume chake. Programu kama OpenVPN na WireGuard humruhusu fundi kupanga kila mojawapo kivyake, na fundi asipopanga, kila mfumo wa kompyuta hufanya unavyojua wenyewe.

Kasoro isiyotaja jina lake

Tatizo la DNS halijitambulishi. Ukurasa unazunguka, kisha unafunguka. Au haufunguki asubuhi, mchana unafunguka. Mtumiaji hana sababu ya kufikiria majina, naye husema neno lililo tayari: mtandao unasumbua. Yafaa tuzitazame sababu zenyewe moja moja, kwa kuwa hoja za pande zote zitategemea hapo.

Sababu ya kwanza ni namna swali linavyosafiri. Kwa kawaida DNS hutumia UDP, itifaki isiyohakikisha kwamba pakiti imefika. Pakiti ikipotea, kompyuta husubiri. Kwenye mifumo mingi ya Linux muda wa kusubiri uliowekwa awali ni sekunde 5 kabla ya kuuliza tena. Ukurasa mmoja wa leo huweza kuuliza majina kumi au ishirini. Likipotea moja tu, mfanyakazi hukaa sekunde 5 akitazama skrini nyeupe, ingawa bando lipo na alama ya VPN inawaka.

Ya pili ni handaki lililokufa bila kutoa taarifa. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadhara, na mtambo unaowagawa husahau mawasiliano ya UDP yaliyokaa kimya kwa muda. Mtumiaji anapokwenda kunywa chai, njia ya kumrudia hufutwa. Akirudi, programu bado inaonyesha kuwa imeunganika, maswali yanaondoka, majibu hayarudi. WireGuard ina dawa ya hili, pakiti ndogo ya kuamsha njia ambayo kwa kawaida hupangwa kila baada ya sekunde 25, lakini dawa hiyo haiwashwi mpaka fundi aiwashe.

Ya tatu ni mgongano wa namba. Anwani za ndani kama 192.168.1.0 hadi 192.168.1.255 ndizo ruta nyingi za nyumbani huja nazo. Ofisi nayo ikiwa imezitumia, na seva yake ya majina iko 192.168.1.10, kompyuta iliyoko nyumbani huona kwamba namba hiyo ni jirani yake, na swali haliingii handakini kamwe. Hapa dawa ya kudumu ni ofisi kubadilisha namba zake. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana huahirishwa mwaka hadi mwaka.

Ya nne inawahusu wa Windows. Kuanzia Windows 8, Microsoft iliweka utaratibu wa kuuliza jina kwenye njia zote zilizopo kwa wakati mmoja. Nia ilikuwa kuongeza kasi. Matokeo kwa mwenye VPN ni kwamba jina la seva ya ndani hutumwa ofisini na pia kwa kampuni ya simu, kwa maandishi ya wazi. OpenVPN ililazimika kuongeza amri maalumu ya kuzuia maswali yasitoke nje ya handaki.

Iko na ya tano, iliyokuja na usimbaji wa majina yenyewe. Viwango vya kusimba DNS vilipitishwa mwaka 2016 na 2018, na Android 9 ikaja na sehemu ya Private DNS. Vivinjari navyo vikaanza kuuliza majina moja kwa moja kwa seva vilizozichagua, bila kuuliza mfumo wa kompyuta. Ni hatua njema kwa faragha ya raia. Kwa ofisi yenye majina ya ndani ni kikwazo, maana kivinjari kinamuuliza mtu asiyejua.

Wanaosema yote yapite ofisini

Msimamo wa kwanza ni wa usalama: mfanyakazi akiwasha VPN, kila swali la jina liende kwa seva ya ofisi, la ndani na la hadhara. Nguvu zake ni za kweli. Mpangilio ni mmoja na ni rahisi kuuelewa. Majina ya ndani hayamwagiki nje. Ofisi inaweza kuzuia majina ya tovuti za wizi wa nywila kabla mtumishi hajaingia mtegoni, na ikitokea uvamizi, kumbukumbu za maswali ni ushahidi wa kwanza wa kuonyesha kompyuta ipi iliwasiliana na nani. Kwa ofisi inayoshika taarifa za wagonjwa au fedha za wanachama, hoja hii haipuuziki.

Udhaifu wake huonekana njia inapotetereka. Handaki likikatika, mfanyakazi hukosa kila kitu, hata yale ambayo hayahusiani na ofisi. Mbaya zaidi, programu yenyewe ya VPN inahitaji kujua anwani ya lango la ofisi ili iunganike upya, na kama jina la lango hilo nalo linaulizwa kupitia handaki lililokufa, mlango umefungwa kwa ndani na ufunguo umebaki humo. Mtumiaji huzima kompyuta na kuwasha tena, tatizo linaisha, na hakuna anayejifunza chochote.

Mahali seva ya majina ilipo ni jambo zito zaidi. Shirika la kimataifa likiwa na seva zake London au Johannesburg, jina la Google au YouTube likiulizwa kutoka Mara hujibiwa kwa kumdhania muulizaji yuko London au Johannesburg, na jibu humpeleka kwenye mitambo ya huko. Pakiti zote zikiwa zinapita handakini, hasara ni ya wastani. Zikiwa haziingii, na majina pekee ndiyo yanayoingia, mfanyakazi huvuka bahari kufuata kitu ambacho nakala yake iko Dar es Salaam. Mpangilio wa namna hii hutokea kwa bahati mbaya tu, na bado ni wa kawaida.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo Mkongo wa Taifa unaweza kuwa mzima kutoka Mara hadi pwani, na seva ya mishahara ikawa inafanya kazi Dar es Salaam. Lakini aliyepanga majina yote yajibiwe ng'ambo ameikata ofisi yake mwenyewe, kwa sababu swali linakwama baharini kabla pakiti haijaanza safari ya nchi kavu.

Kuna na upande wa haki. Mwajiri anayepokea kila swali la jina anajua mfanyakazi wake ametafuta hospitali gani usiku, amesoma gazeti gani, ameingia tovuti ya benki ipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na zisizidi mahitaji ya kusudi hilo. Ofisi inayokusanya maswali yote bila kuwaambia watumishi wala kupanga muda wa kuyafuta inajiweka pabaya kisheria. Na kwa maoni yangu, hata sheria isingekuwapo, mtu anayelipia bando kwa fedha yake mwenyewe anastahili kuambiwa.

Wanaosema majina yabaki nje

Msimamo wa pili hauna watetezi wengi wa maandishi, ila hutumika kwa vitendo. Fundi humwandikia mtumishi namba ya IP kwenye karatasi, au huingiza jina na namba kwenye faili la hosts ndani ya kompyuta. Seva ya majina haiguswi. Faida yake ni kubwa kwa siku ya kwanza: inafanya kazi hata mtandao ukiwa hoi, kwa kuwa hakuna swali linaloulizwa.

Hasara yake hufika siku seva inapohamishwa. Namba hubadilika, na kila karatasi na kila faili huwa uongo kwa wakati mmoja. Mugumu fundi anaweza kupita ofisi kwa ofisi. Kwa aliyeko Ringwani itabidi apigiwe simu na kuelekezwa, herufi kwa herufi, namna ya kufungua faili linalohitaji ruhusa ya msimamizi. Zaidi ya hapo, cheti cha usalama cha tovuti hutolewa kwa jina. Anayeingia kwa namba hupata onyo jekundu, na akizoea kulipuuza onyo hilo kwa seva ya ofisi atalipuuza na kwa seva ya mwizi. Hilo pekee lanitosha kuukataa mtindo huu, isipokuwa kwa dharura yenye tarehe ya mwisho.

Wanaogawa

Msimamo wa tatu ni wa kugawa: majina yanayoishia na kikoa cha ndani cha ofisi yaende handakini, mengine yote yajibiwe na seva ya karibu. Swali la hadhara halimsumbui mwajiri, jibu linazingatia mahali mtu alipo, na handaki likifa kazi nyingine zinaendelea. Ofisi nayo haibebi mzigo usio wake. Ni vizuri kukumbuka kwamba pakiti zote zikipitishwa ofisini, video moja inayotazamwa Ringwani hutumia kiungo cha intaneti cha ofisi mara mbili, ikiingia na ikitoka.

Wapinzani husema kugawa kunavujisha. Hoja yao ina nusu ya ukweli. Kinachobaki nje ni majina ya hadhara, ambayo kampuni ya simu ingeyaona vilevile VPN ikiwa imezimwa, na ambayo yanaweza kusimbwa kwa DNS iliyosimbwa kwa anayetaka. Majina ya ndani huvuja pale tu mgawanyo ulipofanywa vibaya. Na hapo ndipo udhaifu halisi wa msimamo huu: ni rahisi kuukosea.

Kila mfumo una namna yake ya kugawa. Windows ina jedwali la sera za majina linaloitwa NRPT, ambalo lilikuja na Windows 7. Linux yenye systemd-resolved hutumia vikoa vyenye alama ya wimbi mbele yake. Kompyuta na simu za Apple hupokea orodha ya vikoa vya kulinganisha. Android, ambayo ndiyo iliyoko mikononi mwa wafanyakazi wengi wa mashinani, hupokea orodha ya seva za majina za VPN nzima na haina njia ya kawaida ya kusema "kikoa hiki huku, vingine kule". Kwa hiyo ofisi inayojivunia kugawa imegawa kwa kompyuta zake, na vishikwambi vyake vinafanya jambo jingine kabisa.

Uchaguzi wa kikoa nao umeharibu mipango mingi. Ofisi kadhaa zilijipa majina yanayoishia na .local, ambayo tangu 2013 kiwango cha kimataifa kimeyatenga kwa vifaa kutafutana ndani ya chumba kimoja bila seva. Nyingine zilichukua .corp au .home, zikidhani hakuna mwenyewe. Microsoft ilifikia hatua ya kununua kikoa cha corp.com mwaka 2020 ili kisiangukie mikononi mwa wahalifu, kwa sababu kompyuta za kampuni nyingi duniani zilikuwa zikituma maswali yao ya ndani huko kila zinapotoka ofisini. ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, ilitenga .internal kwa matumizi ya ndani mwaka 2024, na hilo linafaa. Njia salama zaidi ni kutumia tawi la kikoa ambacho ofisi tayari inakimiliki chini ya .co.tz, .or.tz au .go.tz, kwa kuwa hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kukisajili.

Njia ya nne, inayoshangaza wengi

Wapo wanaouliza kwa nini majina ya ndani yafichwe. Weka jina la seva ya mishahara kwenye DNS ya hadhara, wanasema, lakini anwani yake iwe ya ndani, kwa mfano inayoanza na 10. Mtu yeyote duniani ataweza kuliuliza na kujibiwa. Ila asiye na VPN hataifikia namba hiyo, kwa kuwa haipitiki kwenye intaneti.

Watu wa usalama hukunja uso wakisikia haya. Hata hivyo kwa mtumishi mwenye Android kijijini, hii ndiyo njia yenye vikwazo vichache: seva yoyote ya majina itamjibu, Private DNS haigombani nayo, na cheti halali cha usalama kinaweza kupatikana kwa kuthibitisha umiliki wa kikoa kupitia DNS yenyewe. Gharama zake ni mbili. Dunia inajua kwamba una seva yenye jina hilo, jambo ambalo mara nyingi tayari linasomeka kwenye daftari za wazi za vyeti. Pili, ruta nyingine hukataa kwa makusudi majibu ya hadhara yenye anwani za ndani, kama kinga dhidi ya aina fulani ya uvamizi, na mtumiaji aliye nyuma ya ruta hiyo hatapata kitu. Kwa anayetumia hotspot ya simu yake, kikwazo cha pili hutokea mara chache.

Na wanaosema VPN iachwe

Google ilichapisha mwaka 2014 maelezo ya BeyondCorp, mfumo wake wa kuwaruhusu wafanyakazi kufanya kazi kutoka mtandao wowote bila VPN, huku kila ombi likikaguliwa utambulisho wa mtu na kifaa. Mifumo kadhaa ya Serikali ya Tanzania nayo hufunguliwa kwa kivinjari kwenye intaneti ya kawaida, na swali la majina ya ndani huisha lenyewe. Ni mwelekeo mzuri kwa mfumo uliojengwa vizuri. Kwa programu ya uhasibu ya miaka kumi iliyopita, isiyo na uthibitisho wa hatua mbili, kuiweka hadharani ni kuitoa sadaka.

Kuweka kwenye mizani

Ukiziweka hoja zote pamoja, kinachozitenganisha ni maswali mawili: nani ajue ulichotafuta, na nini kife njia inapokatika. Msimamo wa kwanza humpa mwajiri vyote, na njia ikikatika vyote hufa kwa pamoja. Kugawa humpa mwajiri kilicho chake, na kinachokufa ni cha ofisi tu. Kwa mazingira ambako njia hukatika kila siku, swali la pili lina uzito ambao mafundi wa mjini hawauhisi, nami naona ndilo linalopaswa kutangulia.

Kwa hiyo kugawa ndiko kuwe msingi kwa ofisi ya kawaida yenye watu mbali, kwa sharti kwamba kikoa ni cha ofisi yenyewe na kila aina ya kifaa imepimwa kivyake. Kupitisha yote ofisini kubaki kwa vifaa vilivyonunuliwa na mwajiri na vinavyoshika taarifa nyeti, za wagonjwa hasa, na hapo ziwepo seva mbili za majina, angalau moja ndani ya nchi, na watumishi waelezwe kwa maandishi kinachokusanywa na kinafutwa lini. Simu za Android zinazohitaji seva moja au mbili tu zihudumiwe kwa majina ya hadhara yenye anwani za ndani. Huo si mpangilio mmoja maridadi wa kuchora ubaoni, bali ni ule unaolingana na vifaa vilivyopo.

Baada ya uamuzi huo yapo mambo ambayo hayana ubishi kati ya pande zote, na bado husahaulika. Lango la VPN liwekewe anwani ya akiba kwa namba, ili kuunganika upya kusitegemee jina lililokwama. Pakiti ya kuamsha njia iwashwe kwa kila anayetumia mtandao wa simu. Namba za ndani za ofisi ziondolewe kwenye 192.168.1. Majibu ya DNS yasizidi baiti 1232, kipimo ambacho waendeshaji wa seva za majina walikubaliana mwaka 2020, kwa sababu handaki hupunguza ukubwa wa pakiti inayoweza kupita, na jibu kubwa likikatwa vipande, vipande hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza. Upimaji ufanywe kwa hotspot ya simu yenye mawimbi dhaifu. Ukipimwa kwa Wi-Fi ya ofisi, kila mpangilio hufaulu.

Linabaki suala la tangazo la 2023, ambalo lilihusu VPN za kampuni pamoja na za watu binafsi. Fomu ya TCRA iliuliza anwani ya IP. Ofisi iliyogawa hutoka kwenye intaneti kwa anwani nyingi: maombi ya ofisini kupitia lango lake, mengine kupitia laini ya kila mtumishi, ambayo anwani yake hubadilika kila anapounganika. Anwani inayoweza kutajwa kwa uhakika ni ya lango. Afisa TEHAMA aliyeandika mapema ni kipi kinapita handakini na kipi hakipiti atalijibu swali hilo kwa ukurasa mmoja. Asiyeandika atalazimika kwanza kugundua jinsi mfumo wake mwenyewe unavyofanya kazi, huku tarehe ya mwisho ikikaribia.